Kabla shule hazijafunguliwa: kuandaa nyumba na mtoto dhidi ya moto

Wiki ya mwisho ya likizo huishia kwenye sare, viatu na madaftari. Tenga saa mbili humo humo kwa ajili ya moto. Shule zikifunguliwa, nyumba huamka saa kumi na moja alfajiri, chai inachemshwa mbiombio, sare inapigwa pasi gizani, na mchana mtoto wa darasa la tatu anarudi na ufunguo shingoni kabla mkubwa yeyote hajafika. Maelezo haya ni ya nyumba za kawaida za mjini Tanzania: mtungi wa gesi, jiko la mkaa, umeme wa LUKU na madirisha yenye nondo.

Anza na mlango, jiko litafuata. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, tembea kutoka kitanda cha mtoto hadi nje huku ukihesabu vifungo: kitasa, komeo, kufuli la grili. Kila kimoja kifunguke kwa ndani bila mtu kuutafuta ufunguo. Ufunguo wa kufuli la grili ukae kwenye msumari mmoja usiobadilika, mtoto mdogo wa nyumba aufikie kwa mkono, lakini uwe mbali na dirisha, maana wezi huja na fimbo ndefu. Mtoto wa miaka saba asipoweza kulifungua kufuli hilo, badilisha kufuli. Weka pia oili kidogo, kutu ndiyo inayogomesha kufuli nyingi za uani.

Nondo za dirisha ni tatizo gumu zaidi. Mwite fundi wa kuchomelea akate nondo za dirisha moja la chumba cha kulala, azirudishe kama kijimlango chenye bawaba na komeo la ndani. Upenyo wa sentimita 60 kwa 60 unampitisha mtu mzima. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kwanza.

Sasa mazoezi. Watoto wadogo wakiogopa hujificha uvunguni au kabatini, ndiko wanakokutwa. Kwa hiyo mwambie mtoto kwa maneno machache: moto ukiwaka, toka, usijifiche, usirudi kuchukua begi wala mdogo wako, mkubwa ndiye atakayemfuata mdogo. Moshi hupanda juu, hewa safi kidogo hubaki karibu na sakafu, basi atambae. Mlango uliofungwa auguse kwa nyuma ya kiganja: ukiwa wa moto asiufungue, aende dirishani. Chagueni mahali pa kukutania nje, mwembe wa jirani au nguzo ya umeme, na mhesabiane hapo. Fanyeni mara mbili kwa mwaka, likizo ya Juni na ya Desemba, na moja kati ya hizo iwe usiku. Nguo yake ikishika moto asikimbie, kwa kuwa upepo huuchochea. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono, aviringike.

Gesi inaogopwa sana mahali pasipostahili na kidogo mno panapostahili. Mtungi wenyewe haulipuki hovyo. Kinachoua ni gesi iliyovuja ikajikusanya. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na kujaa chini ya meza na kitanda, na dirisha la juu peke yake haliitoi. Kwenye mitungi ya kilo 6 yenye jiko juu yake, uvujaji mwingi huanzia kwenye washa, kile kimpira cha duara kwenye koo la mtungi. Kikiwa kimepasuka au kimekauka, gesi hupita hata ukikaza hadi mkono uchoke. Kila unapobadilisha mtungi fanya hivi: kagua washa, kaza, fungua koki huku jiko likiwa halijawashwa, paka povu zito la sabuni kwenye maungio na, kama jiko lako ni la pembeni, kwenye mpira wote unaopeleka gesi jikoni. Mapovu yakivimba, funga koki, rudia. Usipime kwa kiberiti, ingawa wapo mafundi wanaofanya hivyo mbele ya wateja. Mpira ukunje kwa vidole: ukionyesha nyufa, nunua mwingine pamoja na klipu zake mbili. Mtungi usimame wima wakati wote.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, iwe kuwasha au kuzima, kwa kuwa cheche hutokea pande zote mbili. Funga koki, fungua mlango na madirisha, toa watu, na simu upigie nje.

Mafuta ya kukaangia mandazi yakishika moto, usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kujitanua zaidi ya mara elfu moja, na mafuta yanayowaka hurushwa hadi darini. Zima jiko kama unaweza kufika, telezesha mfuniko au sinia juu ya karai, kisha acha lipoe nusu saa. Wengi hufunua baada ya dakika mbili kuangalia, hewa inaingia, moto unarudi.

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata wakati wa baridi ya Njombe au Mbeya. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Mshumaa na koroboi viwe mbali na chandarua. Petroli ya bodaboda isikae ndani kabisa.

Kwa umeme, hatari ambayo watu huisahau ni ule uliokatika. Pasi iko juu ya sare kitandani, umeme unakatika, watu wanaondoka, umeme unarudi saa nne asubuhi hakuna mtu. Sheria ya nyumba iwe moja: umeme ukikatika, chomoa pasi, hita ya maji na jiko. Plagi ya ampea 13 hubeba takribani wati 3,000. Pasi ya wati 1,200 na jiko la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja tayari zimezidi. Waya ukiwa wa moto ukiugusa, umezidiwa. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya wa shaba.

Aliyeungua, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, asali na yai havisaidii, na daktari atalazimika kuvikwangua.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Kenya piga 999 au 112. Mtoto akariri namba hiyo pamoja na jina la mtaa na namba ya nyumba, ile iliyobandikwa mlangoni kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. Mtu mmoja asimame barabara kuu kulielekeza gari, la sivyo litazunguka vichochoroni.

Shuleni, siku ya kufungua mpe mwalimu wa darasa namba mbili za simu zinazopatikana, moja iwe ya jirani, na uzirekebishe kila unapobadilisha laini. Uliza pia watoto wanakusanyika wapi kengele ya hatari ikilia, ili maelekezo ya nyumbani yasipingane na ya shule.

Kwa mtoto wa bweni, usiridhike na maelezo ya ofisini, omba kuliona bweni. Mwongozo wa usalama shuleni wa wizara ya elimu ya Kenya wa 2008 ni kipimo kizuri hata ukiwa Tanzania: milango miwili kwenye ncha za bweni na wa dharura katikati, yote ikifungukia nje na isiyofungwa kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha bila nondo, nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Nenda na futi ya fundi. Halafu muulize matroni ufunguo wa mlango wa dharura uko wapi, na uangalie anachukua muda gani kuupata.