Somo: Kufunga 1JZ-GE kwenye Mark II GX100, waya kwa waya

Ndugu zangu, wengi wenye Toyota Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE wanaitamani injini ya 1JZ-GE ya VVT-i (inayorekebisha yenyewe muda wa valvu), yaani kutoka lita 2.0 kwenda 2.5. Bodi ni familia moja na JZX100 (Mark II iliyotoka kiwandani na 1JZ), kwa hiyo kuikalisha injini si kazi kubwa. Kazi hizi hukwama kwenye waya, na huko ndiko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1. Nunua seti: injini, gia boksi, mikono ya injini (mauntingi), waya wote na kontrol boksi yake (kompyuta ya injini, namba yake huanza na 89661), vyote vya gari moja. Inaniuma nikiona seti safi imekatwa waya dukani ili injini ibebeke kirahisi. Iache hiyo hata kama bei imeshuka. Gia boksi ya 1G usiitegemee, kengele yake (ganda la mbele linaloshikana na injini) haikai kwenye JZ. Propela shafti ipime urefu kabla ya kufunga.

Hatua ya 2. Toa hasi ya betri, piga picha, bandika jina kila soketi, kisha ng'oa.

Hatua ya 3. Waya wa sensa, injekta na koili usiuguse. Unaokuhusu ni ule unaokutana na bodi. Ufuate kwa jina la pini kwenye mchoro wa kontrol boksi yako, rangi zitakupoteza.

Pini ya BATT inataka moto (umeme) wa kudumu kupitia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta). IGSW inapata moto ukifungua swichi. Hapo kontrol boksi inatoa moto kwenye M-REL, rilei kuu ya EFI inaunganisha, na moto unarudi kupitia +B. FC ni ya pampu ya mafuta: kontrol boksi huiunganisha na ethi (hasi ya bodi) ili rilei ya pampu iunganishe. STA hupata moto wakati wa kupiga stata tu. E1, E01 na E02 ni ethi, zifunge kwenye injini yenyewe, kisha vuta waya mnene kutoka injini hadi bodi na hasi ya betri. Ethi ikiwa dhaifu utabadilisha sensa zote bure.

Maungio yote yapigwe solda na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu ndiko kunakounguza magari.

Hatua ya 4. Chomoa fyuzi ya EFI, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Irudishe, fungua swichi: taa ya injini lazima iwake. Pima kati ya pini za VC (moto wa sensa) na E2 (ethi ya sensa), upate volti 5. Ndipo uwashe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, stata inazungusha vizuri ila pampu kimya. Nianzie wapi?*
Fungua swichi, gusisha waya wa FC kwenye ethi. Pampu ikilia, rilei na pampu ni nzima. Fuatilia FC hadi kontrol boksi, na hakikisha STA inapata moto. Isipolia, angalia fyuzi, rilei, halafu pampu.

*Kaka, injini inawaka lakini haichaji, na taa ya betri haiwaki kabisa.*
Kagua soketi ndogo ya alteneta. Pini ya L ndiyo inayopita kwenye taa ya dashibodi, IG ni moto wa swichi, S inasoma betri. L yako haijafika. Ikikaa sawa, betri isome kama volti 14 injini ikiunguruma.

*Na kadi ya gari?*
Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo nenda TRA ukabadilishe taarifa. Risiti ya injini itunze tangu siku ya kununua.