Kabla hujapokea mkataba wa mzigo EVE Online: hesabu ya hatari na ujira

Ujira ISK milioni 3, ISK ikiwa pesa ya mchezo. Dhamana milioni 300. Malango kumi na mawili ya kuvuka kutoka mfumo mmoja wa nyota hadi mwingine, na mzigo mdogo unaoingia kwenye meli ya kawaida. Mgeni wa EVE Online akiuona mkataba wa namna hii anaona hela ya bure: chukua furushi, lifikishe, nusu saa kazi imekwisha. Mtoto wa dada yangu alinijia juzi na mmoja kama huo, akitaka nimkopeshe ISK za kujazia dhamana. "Mamdogo, njia yote ni salama, hamna porini kusikolindwa hata kidogo." Nikamwambia akae, achukue kalamu.

Mimi ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya basi hapa stendi ya Moshi. Mtu akileta boksi bila kutaja thamani yake, silipokei, hata awe jirani yangu. Huenda ndiyo maana kwenye mchezo huu nimeng'ang'ania kazi ya kubeba mizigo, wakati wengine wanakimbilia vita.

Kwa asiyeujua: EVE Online ni mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland, umefunguliwa tangu 2003. Wachezaji wote wa seva kuu wako kwenye ulimwengu mmoja wa nyota, na karibu kila kitu sokoni kimetengenezwa na mchezaji, kimesafirishwa na mchezaji na kimepangiwa bei na mchezaji. Uchumi wake ni mzito kiasi kwamba mwaka 2007 CCP waliajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, aufuatilie. Tangu 2016 unaweza kuucheza bila kulipa, kwa ujuzi uliowekewa mipaka. Inatosha kujifunza haya ninayoyaeleza.

Anza na kiasi unachoweza kupoteza. Ukilipuliwa njiani, dhamana yote inakwenda kwa mwenye mkataba. Meli nayo imekwenda. Bima inarudisha sehemu ya bei ya meli yenyewe, vifaa ulivyoifunga hailipii. Kwa kijana wangu hasara ya meli baada ya bima ilikuwa kama milioni 2. Kwa hiyo anaweka milioni 302 hatarini ili apate milioni 3. Sasa tafuta kizingiti chako hivi:

ujira ÷ (ujira + dhamana + meli)

Yaani 3 ÷ 305, chini kidogo ya asilimia 1. Maana yake, ukipotea mara moja katika kila safari 100, umefanya kazi bure na una deni dogo juu yake. Vijana wa kijiweni Majengo wanaosuka mikeka watanielewa haraka: hiyo ni odi ya 1.01. Hakuna anayeiwekea odi ya 1.01 kodi ya nyumba, lakini ikivaa jina la ujira, mtu anaikumbatia.

Odi ndogo si kosa lenyewe. Ikiwa uwezekano wa kulipuliwa ni nusu ya asilimia, hesabu inatoka hivi: mara 995 katika 1,000 unapata milioni 3, mara 5 unapoteza milioni 302. Wastani kwa safari ni faida ya karibu milioni 1.5. Safi. Uwezekano ukiwa asilimia 2, wastani ni hasara ya milioni 3.1. Mkataba ni uleule, ujira uleule. Kilichobadilika ni namba moja ambayo hakuna aliyekuandikia popote, na kazi yote iko kwenye kuikadiria.

Wengi hufungua ramani ya mchezo. Ramani inaonyesha meli ngapi zimepita kwenye kila mfumo na ngapi zimelipuliwa saa iliyopita. Tuseme Uedama, mfumo wa usalama 0.5 (1.0 ndio usalama wa juu kabisa) ulio kati ya soko la Jita na lile la Dodixie, unaojulikana kwa uporaji, unaonyesha mapito 1,500 na meli 12 zilizolipuliwa. Gawanya: asilimia 0.8. Kijana akashangilia kwamba yuko chini ya kizingiti.

Hiyo namba inadanganya pande zote mbili. Kwanza, katika zile 12 wamo waporaji wenyewe. Kwenye maeneo ya usalama wa 0.5 na kuendelea, CONCORD, askari wa mchezo wenyewe, humlipua kila anayeshambulia bila haki, hawana msamaha wala hongo. Waporaji kumi wakiua meli moja, ramani inaandika vifo kumi na moja. Pili, katika yale mapito 1,500 wengi ni vyombo vidogo vyepesi visivyobeba kitu. Meli za mizigo zilizojaa huenda zilikuwa chache sana. Kwa hiyo wastani wa wapita njia wote haukuhusu wewe. Ni afadhali uingie zKillboard, tovuti inayoorodhesha meli zilizolipuliwa, uone ni nani hasa wanaokufa pale: meli gani, na mzigo wa thamani gani.

Na usinitajie kwamba umepita mara 30 hujaguswa. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi ya kukadiria hapa: ukipita mara kadhaa bila tukio, gawa 3 kwa idadi hiyo, ndiyo hatari ya juu ambayo bado haijaondolewa na ushahidi wako. 3 kwa 30 ni asilimia 10. Ili rekodi safi pekee ikuthibitishie kwamba uko chini ya asilimia 1, unahitaji safari kama 300, tena zote kwa mzigo wa thamani ileile na njia ileile.

Sasa nije kwenye njia ninayoiamini. Mporaji wa EVE naye ana daftari. Usijiulize tu "mimi nitakufa?" Jiulize "kuniua mimi kunamlipa?"

Daftari lake liko hivi. CONCORD hawamzuii, wanamwadhibu tu, na wanachukua muda kufika: sekunde chache kwenye mfumo wa 1.0, karibu sekunde 20 kwenye 0.5. Ndani ya muda huo lazima ammalize mlengwa. Anajua meli yake itateketea, kwa hiyo anachagua ya bei rahisi yenye mizinga mikali, mara nyingi Catalyst. Anakupima kwa skana: ya mizigo kuona umebeba nini, ya meli kuona ukinzani wako. Anapata idadi ya Catalyst zinazohitajika, anazidisha kwa bei. Hiyo ndiyo gharama yake. Mapato yake ni nusu ya mzigo wako, kwa sababu meli ikilipuka kila kitu kilichomo kina uwezekano wa nusu kwa nusu kudondoka salama au kuteketea.

Chukulia umenunua mwenyewe bidhaa za milioni 240 na ukizifikisha zitakuachia faida ya milioni 12 baada ya kodi ya mauzo na ada ya udalali. Meli yako ni ngumu kiasi, inahitaji Catalyst 8, na tuseme kila moja na vifaa vyake inamgharimu milioni 10. Gharama yake: milioni 80. Nusu ya mzigo: milioni 120. Umemwalika. Gawa mzigo mara mbili, milioni 120 kila safari. Nusu yake ni milioni 60, na sasa akikuua anapata hasara ya milioni 20. Watabaki wanaoua kwa kujifurahisha, na hao wapo, lakini anayeishi kwa kazi hiyo atakuacha upite amsubiri mwingine nyuma yako.

Hapo ndipo wengi hawaoni. Wanadhani mzigo ukiongezeka maradufu, hatari inaongezeka maradufu. Kumbe kuna mstari. Ukiwa chini yake hatari iko karibu na sakafu, ukiuvuka inaruka. Kama kwa mzigo mzima uwezekano wako ni asilimia 4, na kwa nusu mzigo ni nusu ya asilimia, basi safari moja kubwa inakupa wastani wa milioni 1.7 (nimeihesabu meli kwa milioni 5). Safari mbili ndogo zinakupa milioni 10.7 kwa jumla. Hata ukihesabu kwa saa, kwa kuwa safari mbili zinakula muda maradufu, bado umepata mara tatu zaidi. Asilimia hizo nimeziweka kwa mfano tu. Wewe tafuta za njia yako, na bei ya Catalyst itazame sokoni siku hiyohiyo.

Mstari wenyewe unaweza kuusogeza. Vipanuzi vya sehemu ya mizigo vinakupa nafasi lakini vinapunguza uimara wa bodi, yaani umepunguza Catalyst zinazohitajika na kumshushia mporaji gharama. Mimi navitoa, naweka kinga, nabeba kidogo. Usafiri wa kujiendesha nao uache: meli inatua mbali na lango kisha inajikokota, na skana inapata muda wa kutosha. Na njia hazikai zilivyo. Mwaka 2020 mfumo wa Niarja ulimezwa na Triglavian, kundi la wavamizi wa ndani ya mchezo, njia fupi yenye ulinzi kati ya Jita na soko la Amarr ikakatika, na kila aliyekuwa na hesabu ya njia ile ikabidi aichane.

Turudi kwa mkataba wa kijana. Furushi la mkataba ni kitu kimoja, huwezi kuligawa. Meli yake ilikuwa nyembamba, Catalyst tatu zinatosha. Milioni 30 za gharama dhidi ya milioni 150 za matarajio, kama kweli ndani mna vitu vya milioni 300. Kama kweli. Mwenye mkataba hupanga dhamana atakavyo. Ikiwa ndani mna bidhaa za milioni 40 na dhamana ni 300, anayefaidi zaidi ukifa ni yeye, na hakuna sheria ya mchezo inayomkataza kutuma Catalyst zake mwenyewe zikungoje njiani. Ujanja mwingine ni kupeleka mzigo kwenye kituo kinachomilikiwa na wachezaji, ambacho hutaruhusiwa kutia nanga: unafika salama kabisa na mkataba unakufa mikononi mwako. Utapeli EVE kwa kawaida si kosa. Kwa hiyo kagua mwisho wa safari kabla ya mwanzo wake, na uangalie mwenye mkataba ametoa mikataba gani mingine.

Tuseme yote hayo yako sawa na wastani unatoka chanya. Bado ningemnyima mkopo. Alikuwa na milioni 260, angeongeza 40 zangu, na safari moja mbaya ingemwacha na sifuri na deni. Wastani ni wa mtu anayeweza kurudia. Fikiria biashara inayokurudishia maradufu mara 6 katika 10, na mara 4 inakula ulichoweka. Wastani wake ni mtamu: weka 100, tarajia 120. Ukiweka mtaji wote kila mara, uwezekano wa kuwa bado na kitu baada ya mara tano ni chini ya asilimia 8. John Kelly wa Bell Labs alionyesha mwaka 1956 namna ya kupata sehemu ya mtaji inayofaa kuwekwa, na kwa biashara hii jibu ni asilimia 20. Mimi ni mwoga kuliko Kelly. Sibebi dhamana inayozidi moja ya kumi ya mtaji wangu, kwa sababu ile asilimia ya hatari niliikadiria mwenyewe, na naweza kuwa nimeipunja.

Kijana akanuna. "Kwa mwendo huo nitatajirika lini?" Nikamwambia kwa milioni 260 apokee dhamana za 26, ziko nyingi.

Jambo la mwisho ni letu wa huku. Kasi ya intaneti haisumbui sana: seva iko London, lakini mchezo hupiga hatua moja kila sekunde, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Umeme ndio suala. Muunganisho ukikatika, meli hujaribu kukimbia yenyewe na kisha kutoweka, lakini si papo hapo, na kama tayari uko vitani hukaa pale muda mrefu zaidi. Muda wa mkataba nao hausimami. Kila siku saa 8 mchana kwetu seva hufungwa kwa matengenezo, jioni za Ulaya ndizo zenye watu wengi, na hizo ni saa 3 hadi saa 5 usiku hapa Moshi. Mimi hupita Uedama Jumamosi asubuhi, kompyuta ya mapajani ikiwa na chaji, LUKU nimeshaangalia, na mkataba wa siku moja siupokei kabisa msimu wa mvua.