Namna ya Kuafikiana juu ya Fimbo katika Nyumba ya Jamaa Wengi

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Lamu aliyeamua, au anayefikiria, kuacha kumpiga mtoto wake, lakini anaishi katika nyumba ambamo uamuzi huo si wake peke yake. Katika mji wa kale, ambako desturi ni binti kuolewa na kubaki katika orofa ya nyumba ya mamake au jirani nayo, mtoto hulelewa pia na bibi, mama wadogo na wajomba, na baada ya shule huwa mikononi mwa mwalimu wa chuo, yaani madrasa. Kila mmoja wao ana rai yake kuhusu bakora. Mzazi akiiacha ilhali bibi anaendelea nayo, mtoto hujifunza tu ni orofa ipi ya kukimbilia. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni watu wazima kuafikiana, nao huafikiana upesi zaidi wakijadili kitakachofanywa badala ya fimbo kuliko wakijadili nani alikosea katika malezi ya jana.

Kuhusu sheria, maelezo machache yanatosha. Nchini Kenya fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika ibara ya 29, inamkinga kila mtu na ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na inataja waziwazi adhabu ya kupigwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo iliweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayempa mwanafunzi adhabu hiyo. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imembakishia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kiasi, ila mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022. Jamaa zenu wa Tanga watasema kwamba kwao viboko shuleni bado vinaruhusiwa kwa kanuni, na ni kweli. Yajue haya yote, lakini usiyafungulie mazungumzo, kwa maana mzee anayetajiwa polisi kabla ya kuulizwa maoni yake hatasikia neno jingine lolote utakalosema.

Hoja utakayokutana nayo kwanza ni hii: nyinyi mlipigwa, na mmekuwa watu. Usiicheke, kwa sababu anayeitoa anatetea maisha yake yote ya ulezi, na pia kwa sababu wengi waliopigwa kweli wamekuwa watu. Jibu lenye adabu ni kwamba mtu hukuzwa na mengi, yakiwemo mapenzi, chakula, dua na kuangaliwa, na haijulikani kwa kumtazama mtu mmoja ni lipi kati ya hayo lililomjenga. Ndiyo maana watafiti hutazama watoto wengi kwa pamoja. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor wa Marekani walikusanya tafiti 75 za takriban watoto 161,000, wakaona kwamba kupigwa makofi na wazazi kunaambatana na ukaidi zaidi, ugomvi zaidi na uhusiano dhaifu na mzazi, wala hawakuona kwamba kunaambatana na utiifu wa kudumu. Wapo wanaopinga, akiwemo mtafiti Robert Larzelere, wanaouliza ni kipi kinacholeta kingine: huenda mtoto mkaidi ndiye anayepigwa zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo ni la haki, na anayelificha anajipunguzia heshima barazani. Hata hivyo, kile ambacho Larzelere anakitetea ni makofi mawili ya kiganja, yasiyo na hasira, kwa mtoto wa kati ya miaka miwili na sita aliyekwisha kukataa njia nyepesi zaidi. Bakora kwenye miguu ya mtoto wa miaka kumi aliyechelewa kurudi haimo katika utetezi huo.

Hoja ya pili ni ya dini, na hii haifai kujibiwa kwa haraka. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inaagiza mtoto aamrishwe kusali akiwa na miaka saba na apigwe kwa kuiacha akiwa na miaka kumi. Mwenye kuitaja mwombe aisome yote: kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kwa sala tano kila siku mzazi ametakiwa kukumbusha zaidi ya mara 5,000 kabla ya jambo jingine lolote, ni wangapi kati yetu tumekumbusha hata mara mia? Wanavyuoni wanaoruhusu kipigo wamekifunga kwa masharti, likiwemo la kutogusa uso, kutoacha alama na kutopiga kwa ghadhabu. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utoto kwa miaka kumi, alisema kwamba hakuwahi kuambiwa naye hata "uff", sauti ya kuonyesha kuudhika. Yaliyobaki mpelekeeni sheikh mnayemwamini nyote. Mzazi asijifanye mufti wa nyumba yake.

Sasa mazungumzo yenyewe. Mama wa mtoto ndiye azungumze na mamake, na baba azungumze na wazazi wake. Mkwe wa kiume asimkabili mama mkwe kwa jambo la malezi, kwa kuwa haya iliyopo baina yao itamfanya mama anyamaze, na ukimya huo utadhaniwa kuwa ni kukubali. Usichague saa ambayo mtoto amekwisha kukosa na nyumba imechafuka. Baada ya isha, watoto wakiwa wamelala, ni wakati mwema zaidi. Anza kwa ombi, si kwa hukumu: "Mama, nataka unisaidie jambo. Huyu nimeona nikimpiga hunificha, na mimi nataka anambie akifanya kosa. Wewe waonaje?" Kisha msikilize hadi mwisho. Mara nyingi utagundua kwamba bibi haipendi fimbo kwa ajili ya fimbo; anachohofia ni kuachiwa watoto mchana kutwa bila silaha yoyote, huku mzazi mwenye maneno mazuri yuko kazini. Hofu hiyo ni ya kweli, na mpango usioijibu utavunjika kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo njoo na mpango. Chagueni makosa machache tu ambayo nyumba nzima haitayavumilia, na kwa kila moja mkubaliane mapema atakachofanyiwa mtoto, nani atakitangaza, na kwamba kitafanyika siku hiyo hiyo. Chukueni mfano wa mtoto aliyekwepa chuo akaenda kuruka majini gatini msimu wa kusi. Badala ya kupigwa, ataenda mwenyewe kwa mwalimu kuomba radhi, mjomba akiwa nyuma yake. Atafidia somo lile jioni. Na kwa siku mbili hatafika ufukoni ila na mtu mzima. Aliyevunja kitu hushiriki kukitengeneza au kukilipia kwa kazi ndogo. Aliyempiga mdogo wake hutengwa na mchezo, akae karibu na bibi hadi atulie, kisha atengeneze alichoharibu. Wa chini ya miaka mitatu hahitaji adhabu: ondoa kisu, funga mlango wa ngazi, mpe kitu kingine. Bibi apewe mamlaka kamili ya kutekeleza haya, na mzazi akirudi asimtengue mbele ya mtoto, hata akiona amekaza mno.

Angalieni pia kisichofaa kuchukua nafasi ya fimbo. Kumnyima mtoto chakula, kumsimanga mbele ya wageni au kumwita majina ya kumdhalilisha ni kipigo cha aina nyingine, na nyumba nyingi huteleza humo bila kujua.

Kwa mwalimu wa chuo, nendeni wazazi wote wawili, kwa staha, na msiende kulalamika bali kubadili ahadi. Wazazi wa zamani walimkabidhi mwalimu mtoto kwa kauli kwamba nyama ni yake na mifupa ni yao. Mwambieni wazi kwamba nyinyi hamtoi idhini hiyo, na badala yake mnamwahidi kwamba akituma ujumbe, mmoja wenu atafika siku ile ile. Ahadi hii ni nzito, maana mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja hupiga zaidi anapojua hakuna mzazi atakayeitika. Itimizeni mara ya kwanza bila kukosa.

Baada ya makubaliano, mtu atapiga tena. Ikiwa ni kofi la ghafla, zungumzeni faraghani usiku ule, rejeeni mpango, na mtoto asikie kutoka kwa aliyempiga kwamba haikuwa hivyo walivyoagana. Ikiwa mtoto ameachiwa alama, uvimbe au jeraha, au kipigo kinarudiwa kwa siri, hapo mambo ya kuafikiana yamekwisha: mpelekeni hospitali, kisha kwa afisa wa watoto, au mpige simu 116, ambayo ni ya bure na ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundisheni nambari hiyo, na bibi ajue kwamba amefundishwa.