Unataka sanamu ya saruji ya mkungu wa ndizi hapa Tukuyu, Rungwe? Anza hivi

Kwanza ruhusa jamani, kama ni pembeni ya barabara kuu unaongea na TANROADS, za mitaani ni TARURA, kiwanja cha halmashauri basi ni halmashauri. Na msikimbilie sanamu ya simba, simba wako kila mji, sisi Rungwe ni ndizi bwana.

Chimba msingi, simamisha nondo ya milimita 12, zile nyembamba zikunje kufuata vidole vya ndizi, funga na bainding waya afu vesha wavu wa kuku safu mbili. Vidole viangalie juu! kuna mafundi wanavigeuza chini, watoto wa huku watakucheka. Saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 2, mchanga uchekechwe, maji kidogo, ukikandika ikaporomoka ujue maji yamezidi. Isukume mpaka ipenye wavu wote, ukiacha upenyo maji yanaingia, nondo inashika kutu, inavimba, saruji inapasuka, na mvua za Tukuyu si unazijua. Funika magunia, uyaloweshe kila siku angalau siku 7. Rangi ngoja kama mwezi, na iwe ya nje.