Kuitunza Hilux ya zamani ya dizeli milimani: anza na dizeli, upepo na maji

Huku Matamba, wilayani Makete, Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990 bado ndiyo gari la kazi. Inashusha viazi Chimala, inarudi na mbolea na saruji, na usiku ikitokea mgonjwa ndiyo inayogongewa mlango. Yangu ni LN106, injini iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), cc 2779, silinda nne, haina tabo wala kompyuta. Ugonjwa wake karibu wote unaonekana kwa macho, unasikika au unanusika. Ndiyo sababu naandika haya: mwenye gari atafute ugonjwa mwenyewe kabla hajakubali injini ishushwe. Nimeona injini nzima ikifunguliwa kumbe kilichoharibika ni kipande cha mpira wa dizeli ambacho ungekibadilisha kwa spana moja na bisibisi.

Shika jambo moja kwanza. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mkali, halafu nozeli inarusha dizeli mle ndani na inalipuka. Kwa hiyo inataka dizeli safi isiyo na upepo (hewa iliyopenya kwenye mipira ya dizeli), hewa ya kutosha na kompresheni nzuri, yaani nguvu ya kuibana hewa hiyo. Ukikwama, fuata mpangilio huohuo. Kompresheni iwe ya mwisho kuilaumu, kwa sababu ndiyo yenye gharama, na mara nyingi haina kosa.

Staata inazungusha, gari haliwaki

Nikiambiwa gari limegoma, swali langu la kwanza ni hili: likipigwa staata, bomba la moshi linatoa nini? Mtume utingo akae kwenye usukani, wewe nenda nyuma uangalie.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye nozeli. Kama unatoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, dizeli inafika ila haiungui, na hapo utazame plagi za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwaka, nitazieleza chini. Kwa kuangalia tu umeshaondoa nusu ya mashaka, hujashika spana.

Tuchukue hali ya kutotoa moshi. Washa swichi bila kupiga staata, mwenzako asikilize kwenye pampu ya dizeli. Kuna solenoidi ndogo pale yenye waya mmoja. Ukiwasha swichi inapiga "tak". Ndiyo inayofungua dizeli iingie, na ukizima swichi inafunga, gari linazimika. Isipolia, angalia fyuzi, kisha waya. Ukitoa waya kwenye chanya ya betri ukaigusisha ikalia, solenoidi ni nzima, tatizo ni umeme wa swichi. Unaweza kufika nyumbani kwa waya huo, lakini kumbuka kuuchomoa ndipo gari lizime.

Solenoidi ikilia na bado hakuna moshi, gari limevuta upepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela.

Gari hili halina pampu kwenye tangi. Pampu ya injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma kote mpaka mbele. Kwa hiyo mpira ukipata ufa, injini ikiwa inaunguruma haudondoshi dizeli nje, unavuta upepo ndani. Utalala chini ya gari na tochi kutafuta tone na hutaliona. Dalili yake ni hii: gari likilala usiku, asubuhi unapiga staata muda mrefu ndipo liwake, linatetemeka, kisha linatulia. Dizeli imerudi kwenye tangi usiku kucha kwa sababu upepo uliingia. Kipimo ninachokipenda hakina gharama. Usiku mmoja egesha gari likitazama mteremko, mwingine likitazama mlima. Likiwaka vizuri lilipotazama chini, likasumbua lilipotazama juu, ni upepo, usitafute kingine.

Kuupata mahali unapoingilia, nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uufunge kwa muda kati ya filta ya dizeli na pampu. Washa gari uangalie. Dizeli ikipita na mapovu, rudi nyuma hatua kwa hatua: klipu, mpira wa juu ya filta, pete ya mpira inayokaa kati ya filta na kichwa chake, halafu ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Pampu ya mkono ikizeeka mpira wake wa ndani unachanika, nayo inavuta upepo. Mipira iliyokakamaa badilisha yote kwa pamoja.

Kutoa upepo ni kazi nyepesi. Pampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka iwe ngumu. Piga staata. Isipowaka, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, spana namba 17, nusu mzunguko tu. Utingo apige staata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza moja baada ya nyingine. Staata isizidi sekunde 15 kwa mkupuo, ipumzike, la sivyo utaiunguza na kuimaliza betri. Na injini ikishawaka, usiweke kamwe kidole kwenye bomba la nozeli linalovuja. Msukumo wake unatoboa ngozi, na dizeli ikiingia mwilini ni kwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama tundu la sindano.

Dizeli ya madumu

Sote huku tunanunua dizeli ya dumu mara kwa mara, kituo kikiwa mbali hakuna namna. Ila isiingie kwenye tangi moja kwa moja. Chota kwenye chupa ya kioo, iache itulie, uinue juani. Maji hukaa chini, utaona mstari. Dizeli njema inang'aa, haina ukungu. Ikiwa na harufu ya mafuta ya taa usiichukue hata kwa bei ya chini: pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, na mafuta ya taa ni makavu. Pampu ikishakwanguka ndani hairekebishiki kijijini.

Dumu lilale usiku mzima bila kutikiswa. Mimina polepole kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kile cha chini kabisa usikimimine. Jaza tangi jioni, si asubuhi, maana tangi tupu kwenye baridi yetu hutoa jasho ndani na jasho hilo ni maji.

Chini ya filta kuna koki. Kila wiki weka kikopo, legeza koki, pampu kwa mkono, toa mpaka uone dizeli tupu. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi simama utoe maji hapohapo, usiseme utafika kwanza.

Asubuhi za kipupwe

Mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kwenye nyasi kule Kitulo, na injini ya 3L bila plagi za hita haitawaka. Kila silinda ina yake. Kuzipima, fungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, plagi inapitisha umeme. Isipowaka imekufa. Ikifa moja, gari litawaka lakini litatikisika na kutoa moshi mweupe dakika ya kwanza. Zikifa mbili utasukuma. Zikiwa nzima zote na bado haliwaki, tazama kama umeme unafika kwenye ule ukanda. Huenda ni rilei, ile swichi ya umeme inayozipelekea moto.

Tafadhali, msipulizie dawa za kuwashia injini kwenye njia ya hewa ya gari lenye plagi za hita, wala msishike kitambaa chenye moto pale. Inalipuka kabla ya wakati wake na inaweza kupasua pistoni.

Kinyume chake kipo pia: gari linawaka vizuri asubuhi, likipata moto ukalizima sokoni haliwaki mpaka lipoe. Lowanisha kitambaa maji, kifunike pampu ya dizeli dakika chache, jaribu tena. Likiwaka, pampu imechakaa: dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita pembeni ya plunja iliyolika (kipande cha ndani kinachosukuma dizeli), haifikishi msukumo. Anza kuweka akiba ya kupeleka pampu kwa fundi wa pampu Mbeya, mwenye mashine ya kupimia, si wa chini ya mti.

Staata ikipiga "tak" moja na kunyamaza huku taa za mbele zinawaka kwa nguvu, betri haina kosa. Safisha vichwa vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye injini. Ikibaki vilevile, fungua staata utazame zile shaba mbili za ndani. Hulika upande mmoja. Unabadilisha shaba, si staata nzima.

Kutafuta silinda mgonjwa

Injini ikikosa mwendo mzuri, iache saileni (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na ulegeze nati ya nozeli moja kwa wakati, kitambaa kimefunika, uso mbali. Ukilegeza ya silinda nzima, mlio unabadilika, injini inalegea. Ukilegeza ukasikia hakuna tofauti, umempata mgonjwa. Badilishana nozeli yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama ni nozeli. Ukibaki palepale ni valvu au kompresheni.

Moshi mweusi ukipanda mlima: filta ya hewa imeziba vumbi, au nozeli zinakojoa badala ya kunyunyiza. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto, na maji yanapungua kwenye rejeta, ni habari ya silinda hedi (kifuniko cha chuma cha juu ya injini) au gasketi iliyo chini yake.

Joto

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba wenyewe tunaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ukiwa na mbolea nyuma, gia ya kwanza na ya pili, ndipo rejeta inapojulikana. Silinda hedi za injini hizi hupasuka kati ya valvu zikichemka, kwa hiyo sindano ya joto ikivuka nusu usibishane nayo. Simama, geuza pua ya gari kwenye upepo ukipata nafasi, acha injini iungurume bila kuizima, fungua hita ya ndani mpaka mwisho. Ukizima ghafla, maji yanasimama na hedi inapata moto zaidi. Mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Wengi rejeta yao haijaziba ndani, imeziba nje: tope, mbegu za nyasi, wadudu. Osha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Maji ya ndani yawe na kulanti (dawa ya rejeta), maana hapa maji matupu yanaweza kuganda usiku na kupasua chuma. Sina maji safi zaidi ya mvua kuchanganyia. Ya kisima yanaacha chokaa.

Na msikubali fundi atoe themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, aitupe. Bila themostati injini kwenye baridi yetu haifikii joto lake, inakula dizeli na kujilika mapema. Iliyoharibika inabadilishwa. Kama una wasiwasi na gasketi, asubuhi injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yasiyoisha, au mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja, ni kompresheni inayoingia kwenye maji.

Taimingi beti

Huu ni mkanda unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni. Maelezo yake ni mafupi: kilomita 100,000, badilisha. Beti ikikatika, pistoni inagonga valvu, na pampu ya dizeli inaendeshwa na beti hiyohiyo. Ukinunua gari ambalo hujui historia yake, badilisha wiki hiyo pamoja na beringi yake ya kukazia, na sili zinazovuja oili mbele, kwa sababu oili inaila beti. Andika tarehe na kilomita kwa rangi kwenye kifuniko chake.

Oili na chini ya gari

Mimi natumia 15W-40 ya dizeli, kila kilomita 5,000, na filta mpya kila mara. Dumu liwe na sili yake, na ukishamaliza litoboe lisirudi mtaani kujazwa upya.

Kila ukitoka kwenye matope, piga grisi propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) na krosi (viungo vyake) mpaka ya zamani itoke. Ukivuka mto uliofika kwenye difu (kile kitovu cha gia katikati ya ekseli), kesho yake legeza boliti ya difu uone oili: ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage yote, na uangalie kimpira cha kupumulia difu kama hakijaziba. Kaza yubolti (boliti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli) baada ya mzigo mzito; zikilegea zinakata boliti ya katikati, na ekseli nzima inahama.

Breki nazikagua kabla ya kila kushuka na viazi. Mafuta ya breki, unene wa pedi, mipira inayokwenda kwenye magurudumu. Kushuka Hamsini na Saba tumia gia uliyopandia. Breki ziguswe kwenye kona tu. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali inazama, simama kwenye sehemu pana, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, usimwage maji kwenye ngoma zikiwa moto. Abiria washuke wasubiri pembeni mpaka zipoe zenyewe.