Chupa tupu ya kupimia lambo linalovuja

Wenye malambo huku Nzega na Igunga, hili nimelijua juzi tu. Ukiona maji yanachuruzika chini ya tuta upande wa nyuma, yakinge kwenye chupa ya plastiki uliyoibandua lebo, iache itulie usiku kucha, asubuhi itazame kwenye mwanga. Maji yakiwa maangavu na kitako kikiwa safi, huo ni mvujo wa kawaida wa tuta la udongo. Andika tu ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi. Ikianza kujaa haraka zaidi na lambo halijapanda, usilale. Kukiwa na tope, hata la unene wa ukucha, maji yanatoka na udongo wa ndani ya tuta, na tundu linazidi kurefuka kuelekea lamboni. Punguza maji, waambie walio bondeni, ita fundi anayejua mabwawa. Usizibe tundu kwa udongo wa mfinyanzi (ndiyo mbio zetu za kwanza wengi wetu): maji yatatafuta njia nyingine. Kipimo hakifai mvua ikinyesha, wala ng'ombe wakishapakanyaga, maana tope litakuwa la juu. Na kwenye nyasi ndefu hutaona mvujo wowote; fyeka kwanza.