Elote: hindi la Meksiko la jibini, pilipili na ndimu

Jioni katika miji ya Meksiko, pembeni mwa viwanja, muuza mahindi anayeitwa elotero husimamisha mkokoteni wake, nao watu hupanga foleni. Neno elote linatokana na elotl la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, yaani hindi bichi. Wahamiaji wamelifikisha hindi hili hadi mitaa ya Los Angeles na Chicago.

Hindi lenyewe ndilo nusu ya kazi. Meksiko hupendwa hindi jeupe lenye wanga, kwa hiyo mahindi mabichi ya sokoni Tanzania au Kenya yanafaa kuliko yale matamu ya njano. Bonyeza punje kwa ukucha: ikitoa maziwa mazito, chukua. Ikitoa maji, bado ni changa. Isipotoa kitu, limekomaa, na litabaki gumu hata ulichome vipi.

Kwa mahindi 4, changanya mayonezi vijiko 4 vya chakula na krimu chachu vijiko 2. Jibini lake ni cotija, lililopewa jina la mji wa Cotija, Michoacán: gumu, lenye chumvi, halivutiki likipata moto. Ukilikosa, tumia jibini la feta gramu 100, ila likaushe kwa kitambaa kisha livuruge. Mozarela iache, itakuwa nyuzi.

Menya, chomeka kijiti kwenye kitako, kisha choma juu ya makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto, dakika 12 hadi 15, ukigeuza kila baada ya dakika 2. Yatosha punje zipate madoa meusi hapa na pale. Ukipenda kuchemsha, lipe dakika 25, halafu lipanguse vizuri sana. Hapa ndipo wengi hukosea: hindi likiwa na maji, mayonezi huteleza yote sahanini.

Paka mayonezi hindi likiwa bado la moto, tabaka jembamba tu. Likiwa nene, jibini hudondoka mabonge mabonge. Viringisha kwenye jibini, nyunyiza pilipili ya unga, malizia na ndimu. Ukitanguliza ndimu, mayonezi haishiki. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja.

Asiyetaka kung'ata gunzi apikiwe esquites: pukuchua punje, zikaange kwa siagi, tia maji kikombe 1 na majani ya epazote (kiungo cha Meksiko), chemsha dakika 15. Pakua kwenye kikombe pamoja na mchuzi kidogo, kisha weka juu vikolezo vilevile. Epazote ina harufu kali ya peke yake. Ukiikosa, giligilani hutoa ladha nyingine, lakini nzuri.